Wazamiaji wa Tana na Jukwaa la Mita 10

Kwetu Garissa, mtu akizama Tana jamaa zake hawaanzi kwa kuuliza polisi wako wapi. Wanauliza ni nani wa watu wa mtoni yuko karibu. Zamani walimtuma mtoto mbio hadi kijijini kwetu Korakora, siku hizi wanapiga simu, lakini swali ni lile lile. Nimekua nalo, kwa sababu baba yangu na ami zangu ndio waliokuwa wakitafutwa. Sisi ni Munyoyaya, watu wachache tunaokaa kandokando ya mto huu, tukilima mahindi na ndizi kwenye udongo unaoachwa na maji, tukivua kambare na kuvusha watu kwa mitumbwi. Ukipanda juu kuelekea Saka na Mbalambala utawakuta Malakote. Ukiteremka kupita Hola na Garsen mpaka Kipini, ambako Tana inaingia baharini, utawakuta Wapokomo. Wasomali, ambao ndio wengi mjini kwetu na Kaskazini Mashariki nzima, wanakuja mtoni kunywesha ng'ombe na ngamia, kisha wanarudi malishoni.

Nilifundisha michezo katika shule za msingi hadi nikastaafu. Kila muhula wa riadha nilishika daftari nikaandika nani ameshinda mita 100, nani mita 1,500, nani ameruka juu zaidi ya mwenzake. Majina hayo yalipelekwa kata, yakaenda wilaya, yakaenda mkoa, na mara mojamoja yalifika Nairobi. Lakini wanaume niliowaona wakishuka chini ya maji ya kahawia na kupanda na mtu mikononi hakuna aliyewaandika popote. Ndiyo maana naandika historia ya kazi yao, na naiweka kando ya historia ya mchezo wa kupiga mbizi ambao mataifa yameupa medali kwa zaidi ya miaka 100. Nimezifuatilia historia zote mbili, na naona haki haikutendeka kwa wa kwetu.

Nianze na ng'ombe, maana mto ulijulikana kwao kabla ya kitu kingine chochote. Wakati wa jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, mifugo hukusanyika Tana kutoka mbali sana, kutoka upande wa Lagdera na hata zaidi. Mwenye ng'ombe akitaka kuuza upande wa pili, kuelekea Mwingi na Thika, ilimbidi awavushe. Babu alikuwa mmoja wa waliokodiwa kwa kazi hiyo kabla ya zama za daraja. Kwanza walichagua dume mmoja mtulivu, ambaye wengine wamezoea kumfuata. Babu aliingia naye majini ameshika pembe moja, akiogelea kwa mkono mmoja na miguu, bega lake likigusa shingo ya mnyama ili asikie kwamba hayuko peke yake. Walianzia juu sana, hatua nyingi juu ya pale walipotaka kutokea, kwa sababu mkondo hauna subira na kila aliyemo humo hupelekwa chini. Mitumbwi miwili ilikaa upande wa chini, wanaume wakipiga mbavu zake kwa makafi ili mamba wasogee. Ndama akizidiwa alivutwa sikio akawekwa ndani ya mtumbwi. Malipo yalikuwa mbuzi, au maziwa, au shilingi chache, na kama ng'ombe aliondoka na maji lawama ilikuwa ya mwogeleaji.

Tana ina urefu wa takriban kilomita 1,000 na hakuna mto mrefu kuliko huo Kenya. Wageni walioutaka uwe njia walikuja mapema. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliupanda mwaka 1878. Mwaka 1891 Kamanda Dundas wa kampuni ya Waingereza, IBEA, aliupanda kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, akapita nchi yetu, ambayo kwenye ramani zao iliandikwa Korokoro. Waliona ulivyojipinda, wakaona mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na mwishowe biashara ya meli haikuendelea. Mtumbwi wa mti mmoja uliochongwa kwa mkuyu au mwembe ulibaki kuwa chombo cha mto huu, na mtu wa upondo akabaki kuwa nahodha.

Kisha serikali ya kikoloni ikaufanya mto kuwa mpaka. Wilaya zote za kaskazini ziliwekwa chini ya sheria za maeneo yaliyofungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Watawala walichora mstari wa kuwatenganisha Wasomali na Waorma, na Tana ikawa sehemu ya mstari huo. Mvushaji ambaye babu yake alivusha yeyote aliyefika na mbuzi mkononi sasa aliweza kushtakiwa kwa kumvusha jirani. Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yalisonga mbele kutoka Garissa na Bura kwenda kuwapiga Waitaliano, na kufikia katikati ya Februari yalikuwa yameshika Kismayu. Wazee wetu waliyakumbuka malori kuliko vita vyenyewe. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi makubaliano ya Arusha ya 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki mkoani mwetu hata baada ya hapo, hadi 1991. Usiku mto ulifungwa kwa amri. Baba alisema katika miaka hiyo aliwahi kusikia mtu akiita kutoka majini gizani, na wanaume wakakaa ndani kwa sababu anayetoka na taa kwenda ukingoni alikuwa anajiletea risasi. Asubuhi walikwenda kutafuta maiti.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwenye kutafuta, kwa sababu ndiyo kazi iliyo ngumu kuliko zote, na nimeiona kwa macho yangu.

Sisi ni Waislamu, na mayiti wetu haachwi. Anatakiwa aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe, na haraka. Mwili ukikaa majini familia haina eda inayohesabika vizuri, haina kaburi la kusomea Yasini, na mama anakaa ukingoni bila kula. Kwa hiyo mzamiaji anapoitwa haendi kwa ushujaa wa kujionyesha. Anakwenda kwa sababu watu hawawezi kulala.

Ami yangu mkubwa aliuliza kwanza maswali mawili: aliingia wapi hasa, na alikuwa amevaa nini. Mwenye kanzu au macawis, ile saruni ya Kisomali, huvutwa haraka na nguo ikishajaa maji, na baadaye nguo hiyo hiyo hunasa kwenye miti iliyolala chini. Kisha alichukua kibuyu chenye maji kidogo ndani, kisizame wala kisielee juu sana, akakiachia pale mtu alipopotelea. Alitembea ukingoni akikitazama. Mto una sehemu zinazozunguka, nyuma ya kila kona, ambako maji yanachoka na kuacha yanachobeba. Kibuyu kilipoanza kuzunguka, alipiga upondo chini.

Upondo ndio ngazi. Mmoja alibaki mtumbwini ameushikilia ukiwa umechomekwa kwenye tope, na mzamiaji akashuka nao, mkono mmoja juu yake, miguu ikitangulia. Hakuna aliyetanguliza kichwa Tana. Chini kuna magogo yaliyoletwa na mafuriko kutoka juu, yamechongoka, na hayaonekani. Ami mwingine alipasuliwa kichwa na gogo kama hilo akiwa kijana na kovu lake lilikuwa jeupe hadi uzeeni. Macho yalifungwa, kwa sababu ukiyafungua unaambulia mchanga tu. Kazi yote ilifanywa na nyayo. Nyayo ziliweza kutofautisha tope na mchanga, gome la mti na ngozi ya kambare, na kitambaa zilikitambua mara moja. Aliyepata aligonga upondo mara mbili, na aliyekuwa juu alisikia kugonga huko viganjani mwake, akaanza kuvuta taratibu. Aliyeishiwa pumzi alipanda, akahema kwa mafunda madogo, akashuka tena. Baba alisoma Ayatul Kursiyu kabla ya kila kushuka. Wazee waliomtangulia walikuwa na dawa zao za mamba pia, ila yeye alitosheka na aya.

Maiti haikulipishwa. Familia ilileta sukari, majani ya chai, pengine mbuzi, na ilitolewa kama sadaka. Nilikuwa mtoto nilipomwona baba ametoka majini na msichana wa rika langu aliyeteleza akichota maji. Hakumtazama mtu. Alimfunika kwa shuka iliyoletwa na mjomba wa msichana, akaenda kukaa chini ya mkoma mbali na watu, midomo yake ikiwa imebadilika rangi kwa baridi mchana wa jua kali la Garissa. Mamba hamjui mzamiaji wala mwoga. Katika mto wetu wengi wanaokamatwa ni wanawake na watoto walioinama na madebe, na ukweli huo ulimfanya baba awe mkali kwa dada zangu kuliko alivyokuwa kwetu sisi wavulana.

Nilipokwenda chuo cha ualimu ndipo nilipokutana na upande wa pili wa mbizi, vitabuni. Niligundua kwamba tangu Michezo ya Olimpiki ya St. Louis, mwaka 1904, watu wamekuwa wakipewa medali kwa kuingia majini vizuri. Wanawake waliingizwa Stockholm mwaka 1912. Na nikamkuta Farid Simaika.

Simaika alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1907. Alikwenda Marekani kusoma, akajifunza kuruka huko California, na mwaka 1928 akaenda Amsterdam kuiwakilisha Misri katika Olimpiki. Katika ubao wa mita 3, ule unaonepa chini ya miguu na kukurusha juu, alipata medali ya shaba. Kisha akapanda jukwaa la mita 10. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mmarekani, Pete Desjardins, aliyekuwa ameshinda kwenye ubao. Waliporuka wote na alama zikajumlishwa, Simaika alikuwa na 99.58 na Desjardins 98.74. Mmisri akatangazwa mshindi na wimbo wa taifa lake ukapigwa.

Baadaye waamuzi walirudi kwenye karatasi zao. Kanuni ya wakati ule haikuangalia jumla ya alama peke yake. Iliangalia kila mwamuzi amempanga nani wa kwanza, na wanne kati ya watano walikuwa wamempanga Desjardins. Dhahabu ikahamishwa. Simaika akabaki na fedha. Misri ilirudi kutoka Amsterdam na dhahabu nyingine mbili, ya Sayed Nosseir aliyenyanyua vyuma na ya Ibrahim Moustafa wa mieleka, lakini ile ya majini, ambayo masikio ya watu yalikuwa yameshaisikia, iliondoka. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya mchezo na siwezi kuwalaumu waamuzi kwa kuifuata. Nawalaumu kwa kutangaza kabla hawajamaliza kuhesabu. Mtu aliyesimama akisikiliza wimbo wa nchi yake hapaswi kuambiwa ateremke.

Yeye mwenyewe hakuuacha mchezo kwa uchungu. Alizunguka nchi mbalimbali akifanya maonyesho ya kuruka, pamoja na huyo huyo Desjardins. Alikuwa Mwafrika aliyeheshimiwa na kila aliyejua mchezo huo. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja alijiunga na jeshi la anga la Marekani, na mwaka 1943 akapotea upande wa Pasifiki. Mwaka 1982 jina lake liliwekwa katika jumba la heshima la waogeleaji duniani.

Nimejaribu sana kuelewa mtu kama huyo anaona nini akiwa juu kule. Jukwaa la mita 10 ni urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Mrukaji anafuta mwili kwa kitambaa kidogo kinachonyonya maji, kwa sababu mikono iliyolowa itateleza inaposhika miguu angani. Anakitupa chini kwanza, kisha anakaribia ukingo, na kama mruko wake ni wa kinyumenyume anasimama kwa vidole tu, visigino vikiwa hewani na mgongo ukiielekea nafasi tupu. Bwawa lina kina cha mita 5 hivi na maji yake ni safi kiasi kwamba jicho halipati pa kushika, basi wenyeji wa mashindano hurusha vimanyunyu juu ya uso wa maji ili mrukaji auone anapopinduka. Kutoka pale hadi majini ni chini ya sekunde mbili. Anafika kwa kasi inayokaribia kilomita 50 kwa saa, na ndani ya muda huo amejikunja, amepinduka mara mbili, tatu, hata zaidi, amejizungusha, kisha amejinyoosha. Viganja vinatangulia vikiwa bapa, kimoja juu ya kingine, kupasua maji ili mwili upite ndani ya tundu hilo. Akikosea kwa kiasi kidogo tu maji yanaruka, na anayajua maumivu yake kabla ya kuziona alama.

Juu ya hayo yote kuna macho ya wanaohukumu. Siku hizi mruko wa mtu mmoja huwa na waamuzi saba, kila mmoja akitoa alama kuanzia sifuri hadi 10. Alama mbili za juu na mbili za chini hutupwa, tatu zilizobaki hujumlishwa na kuzidishwa kwa ugumu wa mruko. Mwanamume kwenye fainali huruka mara sita, mwanamke mara tano, na katikati ya miruko wanakaa wakisubiri, miili ikipoa. Seoul mwaka 1988, Mmarekani Greg Louganis alijigonga kichwa kwenye ubao wakati wa mchujo, akashonwa, akapanda tena siku hiyo hiyo. Alishinda dhahabu ya ubao na ya jukwaa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka ami na kovu lake, na nilitamani wawili hao wangekutana. Wangeelewana bila lugha.

Lakini sitaki kudanganya kwa sababu ya mapenzi. Kijana wa Tana hawezi kutolewa ukingoni leo akawekwa jukwaani kesho. Karibu kila alichofundishwa na mto kingemponza. Ametanguliza miguu maisha yake yote, na jukwaa linataka mikono. Amefumba macho, na jukwaa linataka macho yaliyo wazi hadi mwisho. Amezoea kuingia kimya, taratibu, kwa kumheshimu mamba, na jukwaa linataka kurusha mwili wote bila kubakiza kitu. Alicho nacho ni pumzi, utulivu, na kutoogopa kilindi, na mwalimu yeyote wa mchezo huo atakuambia kwamba woga ndio unaofukuza watoto wengi. Afrika imeshatoa bingwa wa dunia: Evan Stewart wa Zimbabwe alishinda ubao wa mita 1 mjini Rome mwaka 1994. Kwa hiyo si jambo la damu wala la bara.

Kenya ilianza kwenda Olimpiki Melbourne mwaka 1956. Miaka minane baadaye, Tokyo, Wilson Kiprugut aliitolea nchi medali ya kwanza, shaba ya mita 800, na tangu hapo tumejulikana kwa miguu. Majini tulichelewa, na sababu si siri. Mabwawa ya kwanza yalikuwa ya vilabu vya wakoloni ambamo Mwafrika aliingia kufagia. Baada ya uhuru yalibaki katika hoteli, vilabu na shule za karo kubwa, Nairobi na Mombasa. Serikali ilijenga bwawa la mashindano ndani ya uwanja wa Kasarani kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya Agosti 1987, na nakumbuka tulivyofurahi tukisikiliza redio wiki zile, mpaka Misri walipotufunga bao moja kwenye fainali ya mpira. Ila kutoka Garissa hadi Kasarani ni karibu kilomita 360, na barabara ya wakati ule mtu aliipita kwa msafara wenye walinzi. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuweka mguu katika bwawa lile.

Matunda ya majini yalionekana mwaka 2008 kule Beijing. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliogelea mita 100 mtindo wa kipepeo kwa sekunde 51.14 katika mchujo, na kwa dakika chache rekodi ya Olimpiki ikawa ya Mkenya, kabla Milorad Čavić wa Serbia hajaichukua katika kundi lililofuata. Kwenye fainali, ile ambayo Michael Phelps alimshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, Dunford alikuwa wa tano. Miaka miwili baadaye alishinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Nilizitazama mbio zile za Beijing katika mkahawa mmoja wa barabara ya Ngamia, mjini kwetu, pamoja na wachuuzi wa mifugo ambao hawajawahi kuogelea hata mara moja, na walisimama wote. Lakini katika kupiga mbizi kwa jukwaa na ubao, nafasi ya Kenya kwenye Olimpiki imebaki tupu hadi leo.

Na mto wenyewe haukukaa vile vile wakati sisi tunasubiri. Kule juu yalijengwa mabwawa ya umeme, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakileta udongo mashambani mwetu yakapungua, mashamba ya kingoni yakachoka, na vijana wengi wa mtoni wakaenda mjini kuendesha bodaboda au kubeba mchanga. Mitumbwi ikapungua. Kisha kila baada ya miaka kadhaa mvua inazidi, mabwawa yanajaa, na maji yanafunguliwa au yanafurika yenyewe, nayo yanatufikia kwa siku chache, yakiwa mengi kuliko kizazi kilichokua na mto tulivu kinavyojua kuyakabili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitukata kabisa na nchi, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Mafuriko yalirudi mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023.

Aprili 2024 maji yalifunika barabara kati ya Garissa na Madogo, ng'ambo ya mto. Daraja lilisimama, lakini barabara iliyotoka darajani ilikuwa imezama, na malori ya chakula yalipanga foleni, mizigo ikioza. Watu walivuka kwa boti za kukodi. Jumapili, tarehe 28, boti moja iliyojaa abiria ilipinduka karibu na Kona Punda. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitangaza kwamba watu 23 waliokolewa. Wengine walikufa, na kutafuta kuliendelea kwa siku kadhaa.

Nilikuwa ukingoni kesho yake. Walikuwapo maafisa wenye boti za injini na majaketi ya rangi ya machungwa, na walifanya kazi kwa bidii. Walikuwapo pia vijana wa mtoni, wengine nimewafundisha, wakiwa na kaptura tu. Mmoja wao alikuwa ameshika upondo. Maji yale hayakuwa mto waliouzoea, yalikuwa yamepita juu ya barabara, nyaya za ua, na mashamba, kwa hiyo chini kulikuwa na vitu ambavyo nyayo za baba hazikuwahi kukanyaga: mabati, waya wenye miiba, nguzo. Kijana mmoja alipanda na mguu uliochanika kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Alifungwa kwa leso na akataka kushuka tena, na mimi nilikuwa mmoja wa wazee waliomkataza. Mtu mmoja kutoka ofisini alikuwa anaandika orodha ya waliofanya kazi siku hiyo, ya posho. Vijana wale hawakuwamo kwa sababu hawakuwa wa kikosi chochote.

Nimeanza kuyakusanya majina. Nakaa na wazee wa Korakora na Saka, nauliza nani alimtoa nani, mwaka wa mafuriko gani, kwenye kona ipi. Mara nyingi anayekumbuka si mzamiaji, ni familia ya aliyetolewa. Mama mmoja Msomali wa Bulla Iftin alinitajia jina la mtu aliyemtoa kaka yake, jina la baba yake na la babu yake, kama anavyotaja ukoo wake mwenyewe, na mtu huyo kwao Korakora alikuwa ameshasahaulika na wajukuu zake.

Ninachokitaka kwa kaunti zote mbili, Garissa na Tana River, kinaweza kufanywa kabla ya masika yajayo. Wachukuliwe watu wa mtoni, wanaume na wanawake wanaoweza kuogelea, waajiriwe ndani ya kikosi cha maafa, wafundishwe huduma ya kwanza na kamba na boti za injini, na wao wawafundishe maafisa jinsi ya kusoma kona na kushuka na upondo. Wawe na bima. Bwawa la kuogelea la umma nalitaka pia, lenye upande wa kina na ubao wa kurukia, na mtoto wa kwanza atakayetanguliza mikono hapo nitaandika alama zake mwenyewe kama nitakuwa hai. Lakini kikosi hakihitaji kusubiri bwawa. Kinahitaji mishahara, kamba, majaketi na orodha ya majina, na watu wenyewe wapo Korakora leo.